Lita Saba za Oddgeir

Jumapili moja ya Februari, mwaka 1991, wimbo ulipofika mwisho kanisani kwetu Skudeneshavn, mji mdogo wa kisiwani, hakukuwa na wa kuishikilia sauti ya chini. Miaka mingi Oddgeir aliishika peke yake baada ya sisi wenzake wa besi kuishiwa pumzi, hadi mpiga kinanda anageuka kumtazama. Siku hiyo kiti chake kilikuwa kitupu, na wimbo ulikatika kama uzi.

Wapo waliosema amegombana na mkewe. Wengine walisema pombe. Mimi niliyekaa naye bega kwa bega nilikuwa nimeona anavyoiba pumzi katikati ya maneno, na kila akiiba, jicho linakwenda upande wa soprano, wanawake wa sauti ya juu. Mke wa daktari Lervik aliimba pale. Lervik ndiye aliyewapima wazamiaji wa kisiwa kila mwaka, na bila sahihi yake hakuna aliyeruhusiwa kushuka baharini.

Kazi ya Oddgeir ilikuwa kuishi wiki tatu ndani ya chumba cha chuma kilichoshindiliwa hewa, juu ya meli, na kutoka humo kushushwa mita mia na hamsini hadi kwenye mabomba ya mafuta chini ya bahari. Alianza akiwa na miaka ishirini na minne. Sasa alikuwa na thelathini na tisa, na ngazi za nyumbani kwake zilimsimamisha katikati.

Cheti cha Lervik cha mwaka uliopita kilisema kama kawaida: mapafu mazima. Hapo ndipo shaka ilipomwingia. Alikuja kunieleza, akauliza mara mbili kama kuna mtu mwingine ndani, kisha akasema daktari anaficha ukweli kwa ajili ya kampuni. Nikammiminia kahawa, nami pia akanitilia shaka.

Nyumbani aliyeshukiwa alikuwa yeye. Mkewe, Solbjørg, alikumbuka karatasi ya kipimo chake cha kwanza, waliyoifanyia mzaha wakiwa wachumba: lita saba nukta moja, mapafu ya farasi. Haikuwamo tena kwenye boksi la picha. Alhamisi moja walinikaribisha kula madonge ya viazi na nyama ya kondoo ya chumvi, na Solbjørg akamwuliza mbele yangu.

"Karatasi iko wapi?"

"Karatasi gani?"

"Usinifanye mtoto, Oddgeir. Umeificha kwa sababu hesabu umeshaipiga."

"Nikiipeleka kwa Lervik, kazi basi. Nisipoipeleka, mwezi wa nne nashuka."

"Ala. Kumbe wewe na daktari wako mko timu moja."

Oddgeir aliweka uma chini na hakuushika tena.

Siku ya kipimo aliniomba nimsindikize. Nadhani alitaka mtu wa kumzuia asigeuze gari. Akapuliza kwenye mrija hadi shingo ikavimba: lita nne nukta tisa. Lervik, mtu mpole, alimwambia kwamba kwa mwanaume wa umri na urefu wake hapo hakuna tatizo.

Oddgeir akatoa ile karatasi kwenye mfuko wa ndani wa koti, imekunjwa mara nne. Daktari aliisoma polepole. Kisha akafungua faili lake mwenyewe, na nakala yake ilikuwamo, chini ya vipimo vya miaka yote, kila kimoja kidogo kuliko cha mwaka uliotangulia. Jedwali alilolinganishia lilikuwa la watu wa kawaida. Wazamiaji huchaguliwa wakiwa na vifua vikubwa, na wanaweza kupoteza theluthi nzima kabla jedwali halijashtuka.

"Ulikuwa nayo siku zote," Oddgeir alisema.

"Fomu inataka nikulinganishe na watu wengine. Hakuna aliyewahi kuniambia nikulinganishe na wewe mwenyewe."

"Basi mimi nakwambia."

Lervik alishika kalamu bila kuandika. Mpaka leo sijui ilikuwa aibu au woga. Akamwonya kwamba akishaandika kuwa hafai kuzamia, hakuna kurudi, hata kwa maji ya kina kifupi. Oddgeir alitazama dirishani, pumzi yake ikisikika chumba kizima.

"Andika, bwana."

Akaandika.

Oddgeir anafanya kazi mji wa Kopervik sasa, kwenye ghala la nyavu, zamu ya asubuhi, ghorofa ya chini, pasipo ngazi.