Saa ya Kifuniko cha Dawa

Magoti yangu siku hizi hayapandi kilima bila kulalamika, basi kila asubuhi najipaka ile dawa ya kuchua ya kopo dogo, yenye harufu ya kafuri inayopanda puani mpaka machozi yatoke. Wajukuu wanakimbia. Mimi hainikimbizi. Inanirudisha Rwezamenyo, uani kwetu, nina miaka minane, na kaka yangu Idrisa anataka kuoa.

Mshenga wetu alikuwa baba mdogo Sudi, mtu wa maneno. Mngemsikia! Alikwenda kwa Mzee Kasimu, muuza vitambaa, baba yake Mariamu, akamsifia Idrisa mpaka akapitiliza: kijana ana adabu, ana kazi ya useremala Gitega, na mkononi anavaa saa ya dhahabu ya Uswisi. Idrisa hakuwa na saa hata ya bati. Na Jumapili ilikuwa siku ya kwenda kukaa mbele ya wakwe.

"Umenimaliza, baba mdogo," Idrisa alisema. "Wakiona nimedanganya saa, wataamini nini tena?"

"Mwambie fundi arefushe mikono ya kanzu," baba mdogo akajibu, akaomba chai nyingine.

Idrisa akaacha kula. Huyu ndiye kaka aliyenibeba mabegani siku za mvua, maana njia yetu ilikuwa tope tupu, siyo haya mawe mliyoyakuta nyinyi. Nikaona bora nimtengenezee saa.

Nilichukua kifuniko cha dawa ya kuchua ya bibi, ile ile ya kafuri, nikakisugua kwa mchanga, nikakivika karatasi ya dhahabu ya pakiti ya sigara. Kioo nilikikata kwenye plastiki ya kola ya shati jipya. Mkanda ulitoka kwenye pochi kuukuu ya mama, ambayo, Mungu anisamehe, haikuwa kuukuu sana. Nilichapwa. Namba niliandika kwa kalamu, shule niliyosoma ilitosha kufika kumi na mbili. Ikabaki mishale. Shughuli ilikuwa saa tisa alasiri, nikachora mshale mfupi ukielekea tisa, na mrefu ukielekea kumi na mbili. Nani angenikosoa? Kwetu saa ilikuwa adhana, ya mkononi sikuwahi kuitazama kwa karibu.

Idrisa alipoiona alicheka kwanza, halafu akaishika mbali na macho. "Kwa mbali itapita," akasema, akaivaa.

Kwa Mzee Kasimu tulikaa mkekani, mimi nyuma ya mama. Mambo yalikwenda vizuri, Fanta zikagawiwa, mpaka shangazi yake Mariamu, mwanamke asiyepitwa na kitu, akaanza kunusa hewa.

"Yewe, mbona bwana harusi ananukia kama mwenye mafua?" Watu wakacheka. "Na hiyo saa ya Uswisi tuliyoimbiwa, itoe kwenye kanzu basi. Tuambie, alasiri imefika?"

Idrisa akatazama mkono wake. Baba mdogo Sudi, yeye aliyeanza yote, alikuwa anaichunguza chupa ya Fanta kama barua kutoka mbali.

Mzee Kasimu akainama. Akamshika Idrisa mkono, akaitazama ile saa muda mrefu. Yeye mwenyewe alivaa saa ya kweli, nzito.

"Saa tisa na robo," akasema. "Twendeni tukatawadhe." Akavua yake, akanyoosha kiganja. "Lete na yako, mwanangu. Saa kama hiyo haitaki maji."

Zote mbili akazitia mfukoni.

Baada ya sala hakuirudisha. Posa ikakubaliwa, wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikalia njia nzima. Mama alidhani ni furaha. Mimi nilikuwa na hakika kwamba mzee ameitamani saa yangu, kaifanya yake. Miaka na miaka nilimsalimia kwa nusu mdomo, macho kwenye mfuko wake.

Nilipokuwa mama wa watoto ndipo nikaelewa kwamba ikiwa mle mfukoni, hakuna mtu angeweza kuomba kuiona. Nikadhani nimeelewa yote.

Mzee alipofariki, Mariamu, wifi yangu, sasa kichwa cheupe kama changu, aliniletea kitu kilichofungwa kwenye leso. Alikikuta sandukuni kwa baba yake. Dhahabu ilikuwa imechubuka. Harufu ya kafuri niliisikia, ingawa siwezi kuapa kama haikuwa ya magoti yangu. Nikavaa miwani. Ile plastiki ilikuwa imefunguliwa na kubandikwa upya kwa gundi. Ndani, mishale yangu imekwanguliwa taratibu kwa wembe, na mingine imechorwa kwa penseli, mkono wa mtu mzima, mfupi na mrefu yote ikielekea tatu.

Ilisema saa tisa na robo, kama alivyosema yeye mbele ya watu.