Vigelegele Baada ya Mwamuzi

Mama yangu alipokuja Sydney kututembelea, hakuwa amewahi kuona mpira wa magongo. Mimi pia sikuujua mpaka binti yetu alipoanza kuucheza, na kama ilivyo desturi yangu kwa jambo nisilolijua, nilitafuta kitabu cha sheria nikakisoma mwanzo hadi mwisho, kisha nikarudia kurasa zenye michoro. Shule niliiacha mapema. Ufundi wa majokofu, ambao ndio kazi yangu katika karakana moja ya Villawood, niliupata kwa njia hiyo hiyo: kusoma, kufungua, kufunga, kusoma tena. Mke wangu hunicheka. Husema siwezi kunywa chai kabla ya kusoma maelezo ya kwenye pakiti.

Mama hakuhitaji kitabu. Jumamosi yake ya kwanza alijitanda khanga juu ya koti zito la mke wangu, akaketi kwenye kiti cha kukunja kando ya uzio, akawatazama wasichana wakikimbizana juu ya nyasi bandia zilizomwagiwa maji. Mjukuu wake, ambaye ni beki, alipompokonya mtu mpira, Mama akapiga kigelegele. Wazazi wote waligeuka. Baba wa mlinda lango wetu, Mzungu mrefu ambaye hata jua likiwaka havui kofia yake ya sufi, aliniuliza kwa upole kama mama yangu yuko salama.

"Yuko salama sana," nikamwambia. "Hiyo ni furaha."

"Basi aendelee," akasema.

Kwetu Muheza kigelegele si kelele. Kina mahali pake: mtoto amezaliwa, bibi harusi anatolewa, mtu amerudi kutoka Hija. Mama alikuwa akifuatwa na watu wa mitaa ya mbali kwa ajili ya sauti yake. Kigelegele chake huanza chini, hupanda taratibu, hutetemeka juu kwa muda ambao huwezi kuamini pumzi inatoka wapi, kisha hukatika ghafla kama uzi uliokatwa kwa meno. Kwa wiki kadhaa kilikuwa sehemu ya Jumamosi zetu, na wachezaji wenzake binti yetu walikizoea.

Kosa letu lilikuwa kosa la watu waliokulia kwenye soka. Katika soka mpira ukiingia wavuni umeingia. Katika magongo haitoshi. Mbele ya lango umechorwa mstari wa nusu duara, na bao halihesabiwi mpaka mpira uguswe na gongo la mshambuliaji ndani ya mstari huo. Ukipigwa kutoka nje ukaingia moja kwa moja, ni kama haukupigwa. Mimi nilikuwa nimeyasoma hayo. Sikufikiria kuwaeleza wanawake waliokuwa wameketi nami.

Siku hiyo tulicheza na timu ya sare za zambarau, timu kali. Binti yetu alipanda mbele na mpira, kitu asichokifanya mara nyingi, akaupiga kwa nguvu zake zote. Ukaruka, ukaingia wavuni. Mama alisimama. Mke wangu alisimama. Rafiki yake naye akasimama, muuguzi Mkenya anayekaa Macquarie Fields, ambaye huja kwenye mechi zetu kwa sababu ana zamu za usiku na anasema akienda kulala asubuhi atapoteza siku. Vigelegele vitatu vikapanda kwa pamoja.

Mwamuzi akapuliza filimbi na kuwapa zambarau mpira. Ulikuwa umepigwa kutoka nje ya mstari, wala haukuguswa na mtu.

Uwanja mzima ulikuwa kimya isipokuwa sisi. Kisha msichana mmoja wa zambarau, mwenye mikia miwili ya nywele, akajipigapiga mdomo kwa kiganja akitoa sauti ya kutuiga, na wenzake wakaangua kicheko. Binti yetu alirudi kwenye nafasi yake akitazama nyasi.

Ndani ya gari alizungumza Kiingereza, kama kawaida yake. Kiswahili anakisikia chote, ila majibu yake hutoka katika lugha ya shule.

"Mwambieni Bibi asiifanye tena ile sauti."

"Mwambie mwenyewe," mke wangu akamjibu. "Huyo hapo ubavuni mwako."

"Mama, siwezi. Lakini akiifanya tena, sitaki mje. Hata mmoja wenu."

Mama hajui Kiingereza, ila sauti ya mtu aliyekasirika haina haja ya tafsiri. Kwetu bibi na mjukuu wa kike hutaniana kama wake wenza, na hao wawili walitaniana tangu siku Mama alipopokewa uwanja wa ndege.

"Mke mwenzangu anasemaje?" akaniuliza.

Nilianza kumweleza kwa maneno laini.

"Usinitilie sukari. Niambie kama alivyosema."

Nikamwambia kama alivyosema. Aliikunja khanga magotini, akailainisha kwa kiganja, akaikunja tena.

"Haya," akasema. "Nitanyamaza."

Na alinyamaza kweli. Kila Jumamosi aliendelea kuja, akakaa mahali pale pale, mikono ndani ya khanga, mdomo umefungwa. Nyumbani Guildford utani ulikwisha. Binti alimwamkia asubuhi, akaitikiwa "marahaba", na mazungumzo yakaishia hapo. Jina la mke mwenza halikusikika tena. Nilijua binti anajuta, kwa sababu alianza kuosha vyombo bila kuambiwa, lakini hakujua aanzie wapi, na katika lugha ipi.

Mimi nilitafuta suluhisho kwa njia ninayoijua. Nilimketisha Mama sebuleni nikamweleza sheria. Mpira ukiingia, usitazame wavu, mtazame mwamuzi. Bao likiwa halali, atanyoosha mikono yote miwili kuelekea katikati ya uwanja. Hapo kigelegele hakiwezi kukosea. Nilisimama nikaonyesha. Mke wangu akaniomba nirudie ili anipige picha.

"Nimekuelewa, baba," Mama akasema. "Mwamuzi hana neno na mimi. Aliyenikataza ni mwenye mpira wake. Mpaka yeye aseme."

Tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya Jumatano. Jumamosi iliyotangulia ilikuwa nusu fainali, dhidi ya zambarau wale wale. Nilichokihofia si kufungwa. Mama ana umri wake, na Tanga si mahali pa kwenda mwisho wa juma. Nilihofia kwamba wataagana kwa shikamoo na marahaba tu.

Asubuhi hiyo kulikuwa na baridi ya kutoa moshi mdomoni. Hadi mapumziko tulikuwa tumefungwa matatu kwa sifuri, na kila lilipoingia bao, yule wa mikia miwili alijipigapiga mdomo akitazama upande wetu.

"Aki huyu mtoto!" Mkenya akasema, kisha akamgeukia Mama, ambaye humwita shosho, yaani bibi. "Shosho, niache nimwendee kidogo tu."

"Kaa, mwanangu. Tumeambiwa tunyamaze."

"Mimi sijaambiwa na mtu."

"Wewe si wangu? Nikiambiwa mimi, umeambiwa."

Mkenya akakaa, akajifunika kofia ya koti mpaka machoni, akanung'unika kwamba hospitalini wagonjwa wanamsikiliza kuliko hapa.

Ilikuwa zamu yetu kuleta machungwa ya mapumziko. Wazazi wengine huyakata vipande. Mama humenya kama wauzaji wa Muheza: kisu huanzia juu na kuzunguka, ganda la nje hutoka utepe mmoja mrefu, ngozi nyeupe hubaki, kisha hukata kifuniko kidogo juu ili mtu aminye na kunyonya. Wasichana walikuwa wameshajua kupanga foleni. Binti yetu alikuja wa mwisho. Mama alimchagulia chungwa, akalikata kifuniko, akampa.

"Asante, Bibi," binti akasema. Alibaki amesimama kidogo, chungwa mkononi. Kisha kocha akawaita.

Bao la kwanza tulilipata kwa kona fupi, ile inayopigwa kutoka karibu na lango, mwanzoni mwa kipindi cha pili. Wazazi wetu walipiga makofi ya adabu, ya watu wasiotaka kujipa matumaini. La pili lilifuata upesi, msichana wetu mdogo kuliko wote akipita katikati ya walinzi wawili kama maji, na sasa hakuna aliyeketi. Baba wa mlinda lango alivua kofia yake ya sufi. Sikuwahi kujua kwamba ana upara. Meneja wa timu, mama mmoja mwenye kazi ya kutukumbusha kila wiki kwamba wazazi hawaruhusiwi kuwaelekeza wachezaji, alikuwa ameushika uzio kwa mikono miwili akipiga kelele, "Pasia! Mpasie!" mpaka akajisikia mwenyewe, akaweka kiganja mdomoni.

La tatu lilikuwa la penalti. Mlinda lango wao aligusa mpira kwa kiatu lakini haukuzuilika. Tatu kwa tatu. Mkenya alimkumbatia mke wangu, kisha akamkumbatia baba wa mlinda lango, ambaye alimwaga kahawa yake yote juu ya viatu vyangu na hakuomba radhi, na mimi sikutaka radhi. Nilimtazama Mama. Alikuwa amesimama, ncha ya khanga ameiuma kwa meno.

Muda ulikuwa unayoyoma. Mpira ulirudishwa nyuma kwa binti yetu, naye hakuona wa kumpasia. Akapanda. Alivuka katikati, akampita yule wa mikia miwili, na kabla tu ya mstari wa nusu duara akaupiga, mpigo ule ule wa siku ile. Mpira ukapita kwenye msitu wa miguu na magongo, ukagonga ubao wa nyuma ya lango kwa mlio unaosikika mpaka barabarani.

Hakuna aliyepiga kelele. Wasichana wetu walikuwa wamejifunza, na sisi tulikuwa tumejifunza zaidi. Mke wangu alinishika mkono.

"Umeguswa?" akauliza. "Ndani, umeguswa?"

"Sijui. Sikuona."

"Wewe na kitabu chako!"

Waamuzi wawili walisogeleana, wakazungumza. Mmoja alimwita mshambuliaji wetu, yule mdogo, akasema naye neno, kisha akarudi kwa mwenzake. Binti yetu alikuwa amesimama pale pale alipoupigia, gongo ameliegemea, hatazami lango, hatazami mwamuzi. Alikuwa anatutazama sisi.

Kisha mwamuzi akageuka akanyoosha mikono yote miwili kuelekea katikati.

Wazazi walilipuka. Viti vya kukunja vilianguka, meneja alilia waziwazi, Mkenya alirukaruka akisema "Wueh! Wueh!" kwa sauti ya chini, kwa kuwa alikuwa ameahidi. Dakika iliyosalia ilichezwa bila mimi kuiona, na filimbi ya mwisho ilipopulizwa wasichana wetu, wenye sare za njano, walirundikana katikati ya uwanja.

"Mama," nikamwambia, "ameelekeza katikati. Uliguswa ndani. Ni halali."

"Nimeona. Nina macho." Machozi yalikuwa yanamtiririka, na mdomo ameufunga.

Wasichana walianza kuja upande wetu, kama wafanyavyo baada ya kushinda. Walifika kwenye uzio wakasimama wakimtazama Mama. Walikuwa wanangoja. Mmoja alimuuliza binti yetu kitu, naye akatoa kinga ya meno, akaishika mkononi, akaja mpaka mbele ya bibi yake. Alianza kwa Kiingereza, akaacha.

"Bibi," akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama anayetembea kwenye mawe. "Nilikuwa na hasira. Na wao, si na wewe."

"Enhe."

"Piga, Bibi. Tafadhali."

Mama alimtazama kutoka kwenye viatu vilivyojaa maji hadi nywele zilizoloa.

"Leo umenikumbuka, mke mwenzangu? Umeshinda ndiyo wanitaka?"

"Hata ningeshindwa," binti akasema. Kisha akafikiri. "Ningeshindwa ningekutaka kesho."

Mama alicheka hadi akashika uzio. Halafu akaitupa khanga begani, akavuta pumzi.

Nimekisikia kigelegele chake maisha yangu yote, na sina kipimo cha kukilinganisha. Kilianza chini, kikapanda, na kilipofika juu mke wangu na Mkenya wakakipokea, na wasichana wote wa njano wakajaribu, kila mmoja na ulimi wake. Baba wa mlinda lango naye alijaribu. Alitoa mlio wa pancha. Upande wa pili nilimwona yule wa mikia miwili akiwa amekaa kwenye nyasi, anafungua viatu. Safari hii hakujipigapiga mdomo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga begi lake.

Tukirudi nyumbani, mke wangu aliendesha. Nyuma, Mama alikuwa anamfundisha mjukuu wake: ulimi upande na upande, usiufanye mzito, tumbo ndilo linalofanya kazi. Binti alitoa sauti ya birika linalochemka. Wakacheka, akarudia, na mpaka tunaingia Guildford birika lilikuwa bado linachemka.

"Fainali nitakuwa nimeshafika nyumbani," Mama akasema tulipoegesha. "Jumamosi mtapiga nyinyi. Lakini," na hapo akanigonga begani kutoka nyuma, "mtazameni kwanza yule wa mikono."