Nilivyoichomelea ekseli ya Datsun bila kupima, na mzee aliyekuwa akiingoja

Wakuu, salaam aleikum. Hii nimekaa nayo moyoni mwaka mzima. Sitatia chumvi hata chembe.

Mimi ni fundi wa welding, Liwatoni. Magari ya zamani ndiyo riziki yangu.

Rafiki yangu wa Ndia Kuu, nitamwita Swaleh, aliniletea Datsun ya babake. Hausingi ya ekseli ya nyuma, lile bomba nene linaloshika magurudumu mawili, lilikuwa na ufa.

Babake alikuwa mahututi kwa bintiye, Malindi. Alitaka jambo moja tu: arudi Mji wa Kale ndani ya gari lake mwenyewe.

Kwa wasiojua, bomba hilo halitaki pupa. Unachoma kidogo, unageuza, unachoma upande wa pili, unaliacha lipoe lenyewe. Ukilikimbiza linajipinda. Mwisho unapitisha ndani fimbo ya chuma iliyonyooka, kupima.

Mimi nilichoma ufa wote kwa mkupuo mmoja, nikalimwagia maji. Fimbo nilikuwa nimemwazimisha fundi wa Mwembe Tayari, nikaona uvivu kuifuata. Nikapima kwa macho. Macho! Fundi mzima na ndevu zangu.

Swaleh akaniuliza, "Umepima, ndugu yangu?"

"Nimepima, wallahi."

Akaondoka asubuhi. Kabla ya Kilifi, bomba nililolipinda likaunguza beringi ya gurudumu la nyuma, gari likakwama. Alihangaika nalo saa nyingi, kwa sababu mzee alitaka hilo hilo. Mwishowe akaliacha, akapanda jingine. Alifika Malindi baada ya Alasiri.

Mzee alikuwa ameshafariki.

Matangani Swaleh alinishika mkono. "Baba alivaa kanzu tangu alfajiri. Kila gari ikipita akiuliza, 'Ni yangu hiyo?'"

Kisha akaniambia, "Usijilaumu, kaka. Wewe kazi yako uliifanya. Gari yenyewe kuukuu."

Nililia mbele za watu. Walidhani namlilia mzee.

Nilichojifunza: kama hujapima, sema hujapima. Mteja atanuna, atangoja, basi. Mimi niliona haya kusema neno hilo moja.

Swaleh bado ananiletea kazi, na bado hajui. Kila akija nataka kumwambia, nashindwa.

Wakuu, ingekuwa ni nyinyi mngemwambia, au mngemwacha na utulivu wake? Nisemeni tu, nastahili.