Nilivyompokea Mama Mkwe Stesheni ya Dodoma

Chekeni tu, maana hata mimi najicheka. Jumamosi iliyopita treni ya kutoka Tabora ilikuwa inamleta mama mkwe wangu mtarajiwa, ambaye sikuwahi kumwona. Mchumba wangu, Ramadhani, aliniambia jambo moja tu: "Mama atavaa kitenge cha kijani." Tulipatana tukutane stesheni, lakini kwa furaha nilivaa gauni langu zuri la mitumba, nikatoka mtaani kwetu Kikuyu mbio na kufika kabla yake.

Treni iliposimama, abiria wa Kigoma, Tabora na Manyoni wakamwagika kwa pamoja, na wauza karanga wakayavamia madirisha. Mara akashuka mama mnene wa kitenge cha kijani, akiburuta dumu la asali. Moyo ukanilipuka! Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama! Lete mzigo!"

"Marahaba, binti. Taratibu, usimwage asali."

Nikajitwisha dumu, nikashika na kapu lake, nikijua napimwa. Nyuma yangu akanisifu, "Una nguvu wewe! Umeolewa?"

"Bado, mama," nikajibu kwa haya. "Tunawasubiri ninyi."

Akacheka sana. Tulipofika nje nikatua mzigo, naye akanitia noti mkononi.

"Asante, mchukuzi wangu. Nikija tena nitakutafuta."

Nilikuwa bado nimeikodolea macho ile noti niliposikia sauti ya Ramadhani. Alikuwa na mama mwembamba, naye kavaa kitenge cha kijani.

"Mama, huyu ndiye mchumba wangu."

Mama akanitazama, akaitazama noti na mzigo miguuni pangu, kisha akamgeukia mwanawe.

"Si uliniambia ni mwalimu?"