Chupa Mbili Mgongoni

Mimi sijui kukaa kitako. Hata kwenye maabara ya mifugo pale Bukavu walizoea kuniona nikizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kazi yangu ilikuwa kulisha seli za figo la ndama. Zikiongezeka, tulizimimina katika chupa kubwa yenye mota ya kukoroga, tukaziambukiza ugonjwa wa miguu na midomo, kisha tukachuja maganda ya virusi, yale matupu. Ganda tupu humfundisha ng'ombe kujikinga bila kumuuguza, na wafugaji wa Kavumu walikuwa wakiyangoja.

Asubuhi moja umeme ulikatika, kabati la joto la kutunzia seli likaanza kupoa. Mbegu ya seli ilikuwa imebaki chupa mbili tu. Zikifa, kazi ya mwaka mzima imekwenda na maji. Seli zinataka joto la mwili, basi tulikuwa na desturi yetu ya kuzifunga mgongoni kwa kitenge, kama mtoto. Docta, mkubwa wetu, alitaka azibebe mama muosha chupa, maana aliniona macho mekundu.

"Citoyenne, uko na homa?" aliniuliza, kwa lile neno la kiserikali la kumwita mwanamke "mwananchi".

"Hapana, docta. Niko muzima."

Uongo mtupu. Malaria ilinishika tangu alfajiri. Lakini nilikuwa na wivu na seli zile, nikasema yule mama ana mikono mizito, atazivunja. Mama mwenyewe alinisikia, akarudi kuosha chupa zake.

Nikazifunga. Baridi ya homa ikanitetemesha. Nikadhani na zenyewe zinaona baridi, nikavaa sweta juu ya kitenge, nikazunguka uani juani mpaka saa nane. Kila dakika nilichungulia taa ya mlangoni, nione kama umeme umerudi. Haikuwaka.

Docta alitia tone la seli chini ya hadubini, pale dirishani, na rangi ya buluu kidogo. Seli hai huikataa rangi ile, iliyokufa huinywa. Aliangalia muda mrefu, akanipisha nami nitazame. Zote buluu.

Hakunikemea. Alinigusa paji la uso, na siku hiyo hakuniita citoyenne.

"Haikukufwa na baridi, maman. Ni moto ya homa yako."

Nililia kwa aibu. Akanipa kinini, akamwomba muosha chupa anifikishe nyumbani. Yule mama alinifungua kitenge, akanifunika nacho mabegani, akanishika njia nzima nisianguke. Mikono yake haikuwa mizito hata kidogo.