Kambare wa Ndooni

Umeniganda kwenye simu wiki nzima, mwanangu, eti nikuandikie ninavyoishi peke yangu. Mkono wangu mzito na herufi zangu zinalala ubavu, lakini haya, shika.

Nimeuza kambare hai sokoni miaka thelathini. Magoti yalipogoma, wa mwisho nilirudi naye nyumbani, nikamweka kwenye ndoo karibu na kitanda. Kila baada ya muda alipanda juu, akameza hewa, akashuka. Tangu uolewe, hiyo ndiyo pumzi pekee niliyoisikia humu ndani zaidi ya yangu.

Siku moja nilimkuta mlangoni. Alikuwa ametoka ndooni na kujikokota kwa mapezi, akijipinda kama nyoka, mpaka kwenye kizingiti. Nikaona na huyu anataka kuniacha. Nikamrudisha, nikajaza maji pomoni, nikafunika, nikaweka na jiwe juu.

Jirani yangu, fundi cherehani, akaniambia, "Bibi, mwachie upenyo. Huyo asipopanda kuvuta hewa atakufa maji."

"Samaki afe maji? Wewe shona nguo. Nimeanza kuuza kambare hujaota meno."

Kumbe sokoni mabeseni yetu yalikuwa wazi siku zote, sikuwahi kufunika hata moja. Asubuhi nilipoondoa jiwe nilimkuta anaelea, tumbo juu. Fundi nilimwambia nimemla.

Ukweli nimekuandikia wewe tu. Sasa niletee mwingine, na umlete mwenyewe, usimtume mtu. Mfuniko nimeshautupa.