Mazombi Wasioitikia Shikamoo

Nilipokuwa kidato cha pili, mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mpya, hata wengine waliendelea kuandika Arusha kwenye bahasha. Mwaka huo niliandika riwaya ya mazombi. Mkanda wa aina hiyo nilikuwa nimeuona mmoja tu, kwenye banda la video mnadani, na umeme ulikatika kabla haujaisha. Nikaamua kuumalizia mwenyewe.

Niliandika kwenye kaunta buku. Ni miaka mia moja ijayo: mvua imesusa, serikali imehamia angani, na wafu wanashuka kutoka mlima Hanang kutafuta watu wa kula. Msichana wa kijiji cha Balangdalalu, mwenye miaka kumi na sita, anagundua namna ya kuwatambua. Zombi hawezi kuitikia salamu. Ukimwamkia mtu mzima asiposema marahaba, kimbia.

Daftari lilizunguka bweni zima. Lilisomwa wakati wa kuchambua maharage na kwenye foleni ya bomba.

Kisha mwalimu wetu wa nidhamu akang'olewa jino. Alishuka mchana kwenye basi la kutoka hospitali ya Haydom, shavu limevimba, pamba mdomoni, akitembea kwa kujikokota. Wasichana wa kidato cha kwanza walikuwa wanafagia getini.

"Shikamoo, mwalimu!"

Akatikisa kichwa.

"Shikamoo, mwalimu?" mmoja akarudia.

Mwalimu akainua mkono. "Mmmh," akasema, na damu kidogo ikamchuruzika kidevuni.

Walitupa mifagio. Wengine waliingia kwenye mahindi ya shule, mmoja akapanda juu ya tenki la maji. Mpishi alisikia makelele, naye akakimbia bila kuuliza kuna nini.

Haikuchukua saa moja walimu wakajua daftari ni la nani. Nilifyeka nyasi siku tatu, na nisiseme uongo, nilifyeka kwa majivuno. Siku ya nne mwalimu akaniita ofisini. Daftari lilikuwa mezani, limejaa wino mwekundu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba!" aliitikia, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Hujui kuandika 'alimng'ata'. Umekosea kila ukurasa. Na hapa sura ya kwanza, kijiji kizima cha Bashay kimeliwa kabla ya chai."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwetu ni Bashay. Mama yangu yuko kule."

Nikalichukua daftari mezani.

"Rekebisha. Na huyu msichana wa Balangdalalu, anaokoka au haokoki?"

"Bado sijaandika, mwalimu."

"Unangoja nini?"

Wiki ile nikaandika upya. Watu wa Bashay walijifungia na ng'ombe wao, na bibi mmoja akasimama mlangoni akiwapiga mazombi kwa mwiko wa ugali. Mwalimu alisoma amesimama dirishani, amenipa mgongo. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Alipogeuka alikuwa amekunja uso.

"Mama asingeshika mwiko," alisema. "Angeshika mchi."